Nusa Kwanza, Udi Baadaye

Salma, mwanangu mwenye masanduku mengi,

Wewe na babako mmetoka sasa hivi kwenda Sharafiya kutafuta kamba ya kufungia mizigo, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji likiguna. Nimejimiminia chai, nimekaa hapa jikoni, nakuandikia. Najua ungependa niseme nawe kwa mdomo, lakini sisi wawili tukianza kusema huwa hatumalizi. Wewe hucheka, mimi hukasirika, kisha nami nacheka, na neno lenyewe linapotelea hapo hapo. Kwa hivyo leo utasoma, na kucheka utacheka peke yako garini.

Kesho asubuhi babako anakupeleka Riyadh. Mimi sina nafasi, maana kiti changu kimekaliwa na godoro lako na mablanketi yako, kana kwamba Riyadh mablanketi hayauzwi. Sawa. Nitabaki Jeddah niwaombee safari njema. Lakini nikwambie kweli, nimefurahi. Nimefurahi hata naona haya kuonekana, watu wasije wakasema mama huyu kachoka na mwanawe. Mwanangu ni mwalimu! Ana ikama yake, kibali chake mwenyewe cha kuishi, na ufunguo wake! Asubuhi nimemwambia muuza mboga, nimemwambia na yule mama Mfilipino wa ghorofa ya chini. Yeye hajui Kiswahili, mimi sijui lugha yake, lakini tumeshikana mikono tukarukaruka pale ngazini mpaka mumewe akafungua mlango kuona kuna nini.

Haya basi. Sitakuandikia ule nini, ulale saa ngapi wala uvae nini. Hayo nimeyasema tangu una meno ya maziwa, na kama hayakuingia hayataingia leo. Nataka tuseme juu ya ile aibu niliyokutia asubuhi.

Ulikuwa umekaa juu ya sanduku ili lifunge, simu iko sakafuni, na sauti ya Wanjiru ikatoka. Sijaonana naye, huyo mwalimu mwenzio wa kutoka Nyeri aliyetangulia kuingia katika nyumba mliyopewa na shule, lakini sauti yake nimeshaizoea. Akasema, nami nimemsikia kwa masikio yangu haya: "Salma, hii difaya yetu inanuka vibaya, kama mayai imeoza. Nikisimama siisikii sana, lakini nikikaa kwa kapeti ndio inanipiga."

Nawe ukacheka, ukamjibu: "Usijali, nakuja na udi wa Mama. Tukifukiza mara moja tu, harufu hiyo itahama yenyewe."

Yarabi, Salma! Nilikuwa na sahani mkononi, sijui niliiweka wapi. Hiyo difaya, hilo jiko la gesi la kuotea moto lililojengwa ukutani, mimi nililipenda kama ulivyolipenda wewe. Ulinionyesha picha ukasema, "Mama, tuna moto ukutani kama wa kwenye sinema!" Mtoto wa Jeddah, baridi unayoijua ni ya kiyoyozi, nilikuwa nikicheka peke yangu nikikuwaza umekaa mbele ya moto na soksi mbilimbili. Sasa nasikia moto wenyewe unanuka mayai viza, na dawa mliyonayo ni kuuletea makaa.

Ndipo nikakupokonya simu.

"Wanjiru, uko wapi?"

"Niko tu kwa nyumba, Mama Salma. Habari ya..."

"Habari baadaye! Difaya inawaka?"

"Nimeizima. Nilikuwa nataka kuiwasha tena nione kama hiyo harufu..."

"Usiiwashe! Usiguse swichi yoyote, ya taa wala ya feni. Usiwashe wala usizime. Toka nje sasa hivi, mlango uache wazi, ukifika mbali na nyumba ndipo unipigie."

"Lakini niko na nguo za kulala, Mum!"

"Vuta abaya mlangoni uivalie nje! Yalla!"

Kisha nikamkatia simu. Nawe ukanitazama kwa yale macho ya babako, ukasema, "Mama, umemfokea mtu ambaye hata hamjaonana."

Ya baadaye tumeyasikia pamoja. Wanjiru alipiga kutoka ng'ambo ya barabara, wakaitwa watu wa dharura, na haris, yule mlinzi wa jengo, akafunga gesi kule kwenye mitungi nje. Fundi akaja akakuta kiungo cha mpira nyuma ya difaya kimelegea, gesi inatoka polepole hata jiko likiwa limezimwa. Amekibadilisha, amepima, na Wanjiru yuko mzima, jirani kamletea kahawa na tende, anacheka. Tukapumua. Ukanikumbatia, ukasema, "Alhamdulillahi." Halafu ukaongeza, "Lakini Mama, ungesema polepole."

Hilo "polepole" ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Kiungo kimeshabadilishwa, lakini kesho wewe ndiye utakayekuwa unalala mle, na mimi sitakuwepo kukupokonya simu. Nimejiuliza hivi, siku nyingine harufu ikitoka, na wageni wamekaa, na mwenye nyumba yupo, je, Salma wangu atapiga kelele? Au atatabasamu awashe udi?

Najua jibu, kwa sababu mimi ndiye niliyekulea.

Kisa cha Mama Kabira unakijua. Babako hukisimulia kila harusi, tangu wewe mchanga. Lakini yeye huanzia katikati, pale alipofika yeye, na mimi huwa nimeshacheka mno hata kuanza mwanzo. Leo nakuanzia.

Nilikuja Riyadh msichana, na begi moja na pua. Nacheka kusema hivyo lakini ndivyo. Bibi yako kule Mombasa alikuwa mfukizaji wa maharusi, hakuna bi harusi wa mtaa wetu aliyetoka bila moshi wa mkono wake. Kwetu harufu mbaya haikutajwa. Samaki wameharibika? Udi. Mtaro umeziba? Udi. Mgeni kaja na mtoto aliyejichafua? Unatabasamu, unakwenda kuleta chetezo, mambo yamekwisha na hakuna aliyeaibika. Kumwambia mtu nyumba yako inanuka ni bora umpige kofi. Nikakua hivyo, nami nikakukuza hivyo. Unakumbuka ulipokuwa mdogo, tukiwa kwa yule jirani yetu Msudani, ukauliza kwa sauti, "Mbona hapa kunanuka vitunguu?" Nilikufinya chini ya meza mpaka machozi yakakulengalenga. Ulikuwa na haki, palinuka vitunguu. Ule mfinyo, mwanangu, leo naurudisha.

Sasa katika nyumba ile ya Riyadh niliyofanyia kazi kulikuwa na madam, na bosi, na mamake bosi, ambaye sote wafanyakazi tulimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa. Na alikuwa mkubwa kweli, mashallah, mnene, mwenye magoti yanayouma, asiyependa viti. Majira ya baridi yote alikaa chini kwenye zulia la majlisi, sebule ya wageni, na mito yake, karibu na difaya, na dalla, birika lake la kahawa, ubavuni. Alinipenda kwa sababu ya udi wangu. Akisikia natembea ukumbini huniita, "Ya Mombasa! Taal!" yaani njoo. Jina langu nadhani hakulijua mpaka nilipoolewa.

Baridi ile akaanza kulalamika kwamba kuna harufu. Madam akaja, akasimama katikati ya chumba, akanusa: mafi, hakuna. Bosi akasimama mlangoni, akanusa: mafi. Nami nikasimama na sinia langu, nikanusa kwa pua yangu ya Mombasa niliyojivunia: mafi. Kila aliyesimama hakusikia kitu. Na hakuna aliyekaa chini ila yeye. Gesi ile ya mitungi ni nzito, Salma. Haipandi juu kama moshi. Inatambaa chini, inajaa chini, kwenye mazulia na mito. Hatukujua. Tulidhani uzee.

Madam akasema, mfukizie kidogo atulie. Nikafukiza. Akatulia kidogo, kesho akalalamika tena. Nikaleta udi bora zaidi. Nakwambia, mimi nilikuwa na raha zangu! Nasifiwa, wageni wananukia vizuri, madam ananiagizia udi wa bei. Nimekwenda na makaa mekundu mle ndani siku baada ya siku, nikayaweka karibu na miguu ya bibi wa watu, na kwa kuwa hakukutokea kitu tukaona dawa inafanya kazi. Siku moja akanishika mkono akaniambia, "Udi wako mzuri, binti, lakini ile harufu iko chini yake." Nikaenda jikoni nikamwambia mpishi kwamba mama mkubwa sasa ananusa ndoto. Tukacheka. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile mwili hunisisimka.

Haya, sasa siku yenyewe. Alasiri, majlisi imejaa wageni wanawake, difaya bado haijawashwa, kahawa imezunguka, na desturi ya kule unaijua, udi ndio huja mwisho. Makaa yangu yalikuwa yameshawaka vizuri ndani ya chetezo, nimekiweka jikoni karibu na mlango wa uani. Nikatangulia na kisinia cha kuwekea chetezo ili zulia lisiungue. Nikainama mbele ya Mama Kabira kukitandika. Akanishika mkono akasema, "Kaa."

Mfanyakazi hakai majlisini mbele ya wageni. Nikamwambia, "Mama, naleta bukhuri." Akanivuta. Ana nguvu yule bibi! Nikajikuta nimekaa kitako kando yake, na kichwa changu usawa wa kichwa chake.

Na nikasikia. Yale yale aliyoyasema Wanjiru asubuhi hii, mayai yaliyooza, kabichi iliyochacha, mazito, yamejaa pale chini tele. Nikamtazama. Akanitazama. Akanyanyua nyusi tu, kama mtu anayesema, haya, nani anaota sasa?

Wakati huo makaa yangu yako jikoni yanang'ara.

Salma, niliinuka, nikaenda jikoni bila kukimbia, nikakibeba chetezo kwa mikono miwili, nikatoka nacho mlango wa uani mpaka mwisho kabisa wa ukuta, nikayafukia makaa kwenye mchanga wa mtende. Halafu ndio nikakimbia. Nilipoingia tena majlisini madam akasema mbele ya wageni wake, "Wapi bukhuri? Yalla!"

Hapo ndipo, mwanangu, ningeweza kusema polepole. Ningeweza kumwendea madam sikioni, samahani madam, kuna jambo dogo. Adabu zangu zote zilinivuta huko. Na nilijua kafili wangu, mdhamini wa kibali changu, ni mumewe, na kwamba mfanyakazi anayemwaibisha madam mbele ya wageni anaweza kulala kwenye ndege kesho yake. Halafu nikamwona mgeni mmoja, mwanamke mrefu mwenye pete nyingi, ananyoosha mkono kuwasha taa, maana jua lilikuwa linashuka, na cheche moja ya swichi ilitosha kutulipua.

Nikampiga kofi mkononi. Pah!

"Mafi bukhuri!" nikapaza sauti. "Mafi nari! Kullu barra! Barra, barra, barra!" Hakuna udi, hakuna moto, wote nje. Kiarabu changu kilikuwa kibovu lakini siku hiyo kilieleweka. Vikombe vilibaki hewani. Aliyeanza kucheka ni Mama Kabira. Akasema, "Msikilizeni. Vuteni zulia."

Kwa magoti yale asingeinuka upesi, na yeye ndiye aliyelijua hilo. Nikashika pembe ya zulia. Mgeni mmoja akashika nyingine, kisha mwingine, na yule niliyempiga mkono pia, na tukamburuta mama mkubwa juu ya marumaru, ukumbini, mlangoni, mpaka uani, amekaa katikati ya mito yake na kikombe cha kahawa mkononi, anapiga kelele, "Aywa! Aywa!" ndiyo, ndiyo! Hakumwaga hata tone.

Na hapo ndipo babako huanzia kisa. Alikuwa dereva mpya, ameingia kazini juzijuzi, tulikuwa hatujasemeshana hata salamu. Mimi nilimdhani Msudani, yeye alinidhani Mhabeshi. Anaosha gari, mara anaona wanawake wa watu wanamiminika bila abaya na bibi juu ya zulia. Mwanamume wa Tanga mwenye haya zake, akageuka akatazama ukuta. Mpira wa maji ukamlowesha miguu. Nami kwa hofu nikasahau Kiarabu chote, nikapiga ukelele, "We kaka! Funga gesi!"

Akanijibu bado ameutazama ukuta, "Kumbe wewe Mswahili?"

"Funga gesi kwanza!"

"Iko wapi?"

"Mitungi! Nyuma ya nyumba, nje!"

Akatupa mpira akakimbia, akaifunga yote. Akarudi amelowa chepechepe, akasimama ananitazama, akaniuliza mimi ni wa wapi na kama nimeposwa. Pale pale! Watu wa dharura hawajafika! Huwa anakataa kwamba alisema hayo siku hiyo. Alisema. Mama Kabira ni shahidi yangu, Mungu amrehemu.

Fundi alipokuja alipaka maji ya sabuni kwenye bomba nyuma ya difaya, mapovu yakafura pale palipovuja kama mchezo wa watoto. Aliuliza nani alikuwa akifukiza mle ndani. Madam alinishika bega, na jioni hiyo akanikalisha nile naye meza moja. Ndege sikupanda.

Nawe ndivyo ulivyopatikana, Salma. Isingekuwa harufu ile, mimi na babako tungeendelea kupitana uani kila mtu na sabuni yake.

Sasa usidhani tangu hapo nikawa mjuzi. Nilikuwa kero. Baridi iliyofuata difaya ikawashwa mara ya kwanza, ikatoa harufu ya kuungua. Nikaizima, nikawatoa watu wote nje. Fundi akaja, akacheka: ni vumbi tu, lilikaa juu ya jiko tangu joto lilipoingia, sasa linachomeka. Fungueni madirisha, likiisha limeisha, lisipoisha zimeni mniite. Siku nyingine walibadilisha kioo na kupaka rangi mpya, jiko likanuka plastiki moto. Nje wote! Fundi tena, kicheko tena, ni upya wake, wapeni hewa. Siku nyingine moshi mkali unaowasha macho na masizi meusi kwenye kioo, nikazima, nje wote, na siku hiyo hakucheka, alisema moto unakosa hewa na nimefanya vizuri. Mama Kabira alifikia hatua ya kuweka abaya na dalla ya pili karibu yake, akiniona tu nanyanyua pua anasema, "Haya, twende uani!" Nafikiri alianza kuyapenda matembezi yale.

Nilipopuuza ni mara moja tu. Kulinuka mnyama aliyekufa, huko juu ndani ya bomba la moshi. Nikasema hii nayo najua, ni njiwa, hanidhuru, fundi nimemchosha bure. Tukaendelea kuota moto. Jioni hiyo madam kichwa kinamuuma, mimi kichwa kinaniuma, Mama Kabira anasinzia na kikombe mkononi, yeye asiyesinzia kabla ya kumaliza habari za ukoo mzima. Babako ndiye aliyeingia kuleta mizigo, kutoka nje kwenye hewa, akatuona sote tumelegea, akazima jiko na kufungua milango. Uani tukazinduka mmoja mmoja. Njiwa alikuwa amejenga kiota ndani ya bomba, ameliziba, na ile sumu ya moto ilikuwa inarudi chumbani kwetu. Na sumu ile, Salma, hainuki kabisa. Tulimnusa njiwa tu. Pua yako hata ikiwa ya Mombasa haitakwambia, kichwa ndicho kitakachokwambia, na kikikuuma ndani kikapona nje, tokeni wote, muite watu. Ndiyo maana nimemwambia babako mkiingia Riyadh apitie soko la Batha anunue king'ora cha gesi hiyo ya siri, na akifika kwenu akifunge ukutani kabla hajanywa chai. Usimwache akakwambia atakifunga baadaye, namjua.

Naona nimeanza kufundisha, na niliahidi sifundishi. Lakini unaona nilivyokosea? Upande mmoja nilikosea mara nyingi sana, nikawatoa watu nje kwa ajili ya vumbi, kwa ajili ya rangi, na kila mara ikatugharimu kahawa iliyopoa na kuchekwa na fundi. Upande wa pili nilikosea mara mbili tu, nilipofukiza na niliponyamaza, na mara hizo mbili bado huniamsha usingizini. Mimi nakutakia ukosee upande ule wa kahawa. Ukosee sana. Uwe yule mwalimu ambaye wenzake wanamtania shuleni, huyu Salma akisikia vumbi anatoa watu nje.

Ninachokiogopa si difaya. Nakiogopa kile kitoto kilichokaa darasa lisilo lake siku nzima kwa kuona haya kumwambia mwalimu. Unakumbuka? Nilikuja kukuchukua nikakukuta umekaa na watoto wakubwa kuliko wewe, umechora picha zao, umeimba nyimbo zao, adabu tupu. Walimu wakasema, mashallah, mtoto mtulivu. Nami nikajisifu njia nzima! Leo nasema, mwana wee, mbona hukupiga kelele?

Sauti unayo. Nimeisikia bafuni ukiimba, na majirani wameisikia. Ukisikia mayai viza katika nyumba yenu, itoe. Usinuse mara ya pili kuhakikisha. Usijifanye fundi, usiwashe hata taa, usiwaze nani ataaibika. Mtoe Wanjiru, mtoe mwenye nyumba akiwepo, mtoe mwalimu mkuu na kikombe chake. Mkifika nje ndipo mpige simu, na ndipo uombe radhi, polepole, kwa adabu zote nilizokufundisha. Huko nje adabu zina nafasi. Yule mwanamke mwenye pete nilimwomba radhi uani, na kila alipokuja baada ya hapo alinisalimia mikono ameificha nyuma, tunacheka.

Nasikia gari lenu chini, na babako anagombana na mlango wa nyuma. Nimalizie basi.

Umeshafunga sanduku la bluu, na ndani yake, ndani ya leso yangu ya zamani, ulikiweka chetezo cha shaba. Unakijua ni cha nani. Mama Kabira alinipa siku niliyoolewa na babako, na aliponikabidhi alikishikilia kwanza, hakukiachia, akaniambia, "Nusa kwanza, udi baadaye." Nikamwambia nimesikia. Akakiachia.

Samahani mwanangu, nimefungua sanduku lako nikakitoa. Udi nimekuachia, uweke kabatini kati ya nguo, utanukia vizuri bila moto. Chetezo kiko hapa mezani mbele yangu, na kitabaki na mimi mpaka nitakapokuja kukutembelea. Nitakileta mwenyewe mapajani, kwenye ndege au basi, popote nitakapopata kiti kisicho na godoro lako.

Siku hiyo usiniandalie makubwa. Nifungulie tu mlango, uniache nisiseme na mtu kwanza, hata Wanjiru nimsalimu baadaye. Nitakwenda moja kwa moja sebuleni nikae chini kwenye zulia lenu, karibu na difaya, kama alivyokaa yeye, nivute pumzi. Nisikie harufu ya nyumba yenye watu, na si zaidi ya hapo.

Kisha nitakutazama nikwambie, haya Salma, leta makaa.

Mamako